Till Kwenye Mfumo wa Duka: Funguo Ziwe Zako

Unataka malipo ya Till yajiandike yenyewe kwenye mfumo wa mauzo? Utahitaji programu jalizi na funguo za siri kutoka Daraja, tovuti ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-PESA. Aliye na funguo hizo anaweza kutuma maombi ya malipo kwa jina la duka lako. Kwa hivyo:

1. Fungua akaunti ya Daraja kwa baruapepe ya biashara, si ya fundi.
2. Anza na mazingira ya majaribio.
3. Ingiza funguo mwenyewe. Usizitume kwa WhatsApp.
4. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Akiacha kazi, ifunge siku hiyo hiyo.

Na fundi akiomba PIN? Mnyime. Mteja huweka yake kwenye simu yake tu; yako haihitajiki popote.