TELEVISHENI YA JIJI: MTAMBO MDOGO, SOKO NONO

Kituo cha DTV kilipoingia hewani mwaka 1994, jina lake kamili, Dar es Salaam Television, lilikwishataja soko lake. Hakikuahidi Mwanza wala Mbeya. Kiliahidi jiji, na kwa mfanyabiashara wa Posta au Kariakoo, jiji lilitosha.

Hadi mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Bara iliihesabu kuwa anasa kwa nchi maskini. Wenye uwezo jijini walisimamisha antena ndefu wakisaka mawimbi ya Unguja, au walitazama kanda za video. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, na mwaka uliofuata vituo vitatu vya binafsi vikaanza: CTN, DTV na ITV. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye.

Hesabu ya mnara

Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mnara wa mita 100 huona takriban kilometa 40 tu kabla ya mviringo wa dunia kuyaficha mawimbi. Isitoshe, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofikia antena ya mtazamaji hubaki robo. Anayetaka kufika mbali hulipia mnara mrefu zaidi, mtambo mkubwa zaidi, umeme mwingi zaidi na jenereta ya kuulinda mtambo umeme unapokatika.

Jiji lilipunguza gharama hizo zote. Kutoka Posta hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, na mtambo wa nguvu ndogo hufunika mitaa hiyo pamoja na vitongoji vingi. Humo ndimo zilimokuwa benki, kampuni za bima, mawakala wa meli na maduka ya jumla, yaani watangazaji wenyewe. Humo pia ndimo televisheni zilimouzwa: duka la Kariakoo likiuza seti na antena, lilikiongezea kituo mtazamaji mmoja.

Masharti ya miaka hiyo nayo yalibana. Watangazaji wa binafsi hawakuruhusiwa kufikia zaidi ya robo ya nchi. Kwa mwenye mtaji mdogo, kizuizi hicho hakikuuma sana, kwani soko alilolitaka lilikuwa ndani ya jiji.

Kilichouzwa

Kituo cha jiji huuza ujirani. Mwenye duka la vitenge hana faida na mtazamaji wa Kigoma ambaye hatapanda treni kuja kununua doti moja. Anamtaka mama wa Ilala au Magomeni atakayepanda daladala kesho asubuhi. Kituo kikipanuka na kupandisha bei kwa hoja ya watazamaji wengi, mteja wa namna hiyo hulipia macho asiyoyahitaji. DTV yenyewe ilikuja kuwa Channel Ten, chaneli ya kitaifa, na mwaka 2019 kampuni mama yake, Africa Media Group, ikapita mikononi mwa CCM.

Mnara wabadili mwenyewe

Pigo kubwa kwa hesabu ya zamani lilikuja Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Tangu hapo kituo hutengeneza vipindi, na kampuni nyingine yenye leseni ya kusambaza mawimbi ya dijitali huvibeba kwa malipo. Leseni za maudhui za TCRA bado zina madaraja ya mkoa, wilaya na jamii, hivyo udogo haujafutwa. Lakini mwenye kituo kidogo hana tena mnara wake, na mtazamaji hana budi kuwa na king'amuzi.

Hatari yake ilionekana Agosti 2018. TCRA iliagiza kuwa baadhi ya ving'amuzi vya kulipia vya setilaiti havikuwa na leseni ya kubeba chaneli za bure, nazo zikaondolewa. Vituo havikuzima mitambo, ila sehemu ya watazamaji ilitoweka.

Kwa anayenunua tangazo, swali la mwaka 1994 lilikuwa: mnara unafika wapi? Siku hizi aulize kwanza kituo kinabebwa na king'amuzi kipi, na wateja wa mtaa wake wanatumia kipi. Majibu mawili yasipokutana, bei nafuu ya tangazo ni hasara.