Msiba Usio na Kaburi: Redio, Muziki na Ukumbusho wa Patrice Lumumba

Patrice Emery Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Shilatembo, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Pamoja naye walipigwa risasi Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao ilizikwa, ikafukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, ili pasiwepo mahali pa kulilia wala pa kuhiji. Kwa muda wa miaka 61 taifa zima lilikuwa na marehemu asiye na kaburi. Makala haya yanachunguza jinsi kumbukumbu ya msiba huo ilivyojitafutia makao mengine, yaani katika sauti: sauti ya redio na sauti ya muziki.

Ni vigumu kuisimulia historia ya mwaka 1960 pasipo kuitaja redio karibu katika kila hatua. Hotuba ambayo Lumumba aliisoma tarehe 30 Juni mbele ya Mfalme Baudouin, na ambayo haikuwamo katika ratiba ya sherehe, ilivuka kuta za ukumbi kwa njia ya redio. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza katika redio ya Léopoldville kwamba amemwondoa Waziri Mkuu madarakani, na usiku uleule Lumumba akaenda kwenye kituo hichohicho kumjibu. Siku iliyofuata wawakilishi wa Umoja wa Mataifa wakakifunga kituo hicho. Uamuzi huo ulisemekana kuwa wa kutopendelea upande wowote, lakini haukuwaumiza wote sawasawa. Kasavubu aliweza kusema kupitia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Tshombe alikuwa na redio yake ya Elisabethville, ilhali Lumumba alibaki bila chombo. Ilipofika tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu naye alitangaza kwa redio kwamba jeshi limewaweka wanasiasa kando.

Kwa hiyo wasikilizaji walikwisha kuzoea kupata habari za nchi yao kwa masikio kabla hawajaona lolote kwa macho. Ndivyo walivyopokea pia habari ya kifo. Kwanza, tarehe 10 Februari 1961, serikali ya Katanga ilisema kwamba wafungwa watatu wametoroka. Siku tatu baadaye Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akatangaza kwamba wameuawa na wanakijiji. Jina la kijiji hakulitaja, akidai kwamba wenyeji wake wangelipiziwa kisasi. Na wale watakaoishtaki serikali yake aliwataka walete ushahidi. Wakati huo waliotajwa kuwa watoro walikuwa wamekwisha kufa karibu mwezi mzima. Kudai ushahidi huku mwili umeyeyushwa ni jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayechunguza msiba huu, kwa kuwa ndilo lililowafanya watu wa Katanga waisikilize redio kwa namna mbili kwa wakati mmoja: kusikia lililosemwa, na kukisia lililofichwa.

Muziki ulikuwa umeanza kazi yake mapema zaidi. Wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, Januari 1960, Joseph Kabasele na African Jazz walitunga «Indépendance Cha Cha». Lumumba alikuwa ametolewa katika gereza la Jadotville, yaani Likasi ya leo, ili ahudhurie mkutano huo. Wimbo ulitungwa kwa furaha, tena kwa haraka, na ndani yake yametajwa majina ya viongozi na vyama vyao bila kubagua: Kasavubu yumo, Lumumba yumo, Tshombe naye yumo, MNC inasikika na Conakat inasikika. Mwaka mmoja haukupita kabla ya mmoja wa hao kuuawa katika himaya ya mwingine, naye Tshombe mwenyewe akiwapo mahali pa mauaji. Hata hivyo wimbo haukubadilishwa. Kila unapopigwa redioni tarehe 30 Juni, majina hayo husikika tena yakicheza pamoja, na msikilizaji mzee husikia kitu ambacho kijana hasikii. Yawezekana hakuna hati ya kihistoria inayoonyesha waziwazi zaidi jinsi mambo yangeweza kuwa.

Inafaa kutaja, ijapokuwa kwa kupita, ziara ya Louis Armstrong. Mwishoni mwa Oktoba 1960 mpiga tarumbeta huyo alishangiliwa na umati mkubwa mjini Léopoldville, siku zilezile Lumumba alipokuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji huohuo. Baadaye Armstrong akafika Elisabethville. Filamu ya Johan Grimonprez ya mwaka 2024, «Soundtrack to a Coup d'État», imejengwa juu ya mgongano huo wa muziki na siasa, pamoja na maandamano ya tarehe 15 Februari 1961 ambamo waimbaji na wasanii Waamerika weusi, miongoni mwao Abbey Lincoln na Max Roach, walipaza sauti ndani ya Baraza la Usalama mjini New York.

Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Franco na OK Jazz wakarekodi «Lumumba, héros national», na redio ya serikali ikawa mahali halali pa kumlilia. Maombolezo hayo yalikuwa na mipaka. Iliruhusiwa kumsifu marehemu. Kuuliza ni nani waliomtoa Thysville na kumpeleka Katanga hakukuruhusiwa. Mlango huo ulifunguka kidogo tu kati ya 1991 na 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulipoyazungumzia mauaji ya kisiasa, na watu wakaukalia redio kama wanaokalia matanga.

Nyimbo maarufu za msiba huu ni za Kilingala. Je, Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mji uliokuwa karibu zaidi na mahali pa mauaji, kilinyamaza? Hakikunyamaza, ila kilipita njia nyingine. Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian mjini Lubumbashi historia ya nchi katika picha zaidi ya 100, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Katika mojawapo ya picha zake za Lumumba, watatu hao wamelala chini na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Wachoraji wa mji huo na wateja wao waliziita picha za namna hiyo «ukumbusho».

Neno hilo lastahili kutazamwa. Kumbukumbu ni kile mtu alichokihifadhi moyoni. Ukumbusho hutokana na kitenzi cha kusababisha, kukumbusha, na ni kile kinachomfanya mwingine akumbuke. Picha iliyotundikwa sebuleni haikusimulia kila kitu, bali ilimchokoza mgeni aulize. Wimbo wa redioni hufanya vivyo hivyo. Haufundishi historia, humfanya baba apunguze sauti ya chombo na kuanza kusema, au humfanya anyamaze kwa namna ambayo watoto huielewa.

Na asemapo, sarufi yenyewe hushuhudia. Kiswahili sanifu kingesema «Lumumba aliuawa», na mtendaji akatoweka kabisa. Kiswahili cha Lubumbashi hupendelea «balimuua»: hao, wale, wasiotajwa, lakini wapo. Kiambishi hicho kifupi kilikuwa na nafasi kwa mawaziri wa Katanga, kwa askari, kwa maofisa wa Kibelgiji waliowaongoza, na kwa waliokaa mbali wakatoa idhini. Kamati ya bunge la Ubelgiji ilipokamilisha uchunguzi wake mwaka 2001, ikakiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili, ilikuwa inajaza pengo ambalo wazee wa Kenya, Katuba na Kamalondo walikuwa wameliacha wazi katika usemi wao kwa miaka 40.

Jino moja, lililochukuliwa na afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuiangamiza miili hiyo, lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022. Jeneza lake lilipitishwa Sankuru na Kisangani, likafika Lubumbashi na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ambayo tangu asubuhi redio za nchi hupiga wimbo wa Kabasele.