Shali ya Milia: Uzi, Subira na Ahadi

Garbasaar, shali nyepesi wanayojitanda dada zetu wa Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera, kwa kawaida hununuliwa dukani ikiwa tayari. Hata hivyo, kazi ya kufuma na kusuka si ngeni kwao. Katika maisha ya ufugaji, wanawake ndio wasukao mikeka ya kufunikia aqal, nyumba ya kuhamahama, na ndio waijengao na kuifungua familia inapofuata malisho. Mikono ya namna hiyo haishindwi na sindano mbili.

Tunawapendekezea shali ya milia yenye pembe tatu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Inafaa nyumba inayonunua uzi kidogo kidogo: sweta likiishiwa uzi halivaliki, bali shali hii hukamilika popote inapoishia, ikawa ya mtoto au ya mama.

Chagueni uzi wa pamba wa rangi mbili. Sufu haifai mahali ambapo joto la mchana hupita sentigredi 35. Anzeni na vitanzi 3. Kila mlia uwe na safu 4, na mwanzoni mwa kila mlia ongezeni kitanzi 1 upande uleule, kwa kufuma kitanzi cha kwanza mara mbili, mbele kisha nyuma, kabla ya kukitoa sindanoni. Baada ya milia 100 vitakuwapo vitanzi 103. Uzi unaopumzika usikatwe; huachwa ukingoni ungoje zamu yake, kwa kuwa kila mlia huanza na kuisha upande mmoja. Kabla ya kufunga kazi, bakisheni uzi wa urefu wa mara nne ya upana wa shali.

Mfumo huu una matundu. Kwa hiyo shali huvaliwa juu ya buibui au mtandio mzito, wala haitoshi peke yake kuwa sitara ya swala.

Wako watakaopenda kuifuma kwa kuuza. Hapo pana jambo zito kuliko uzi. Aya ya 92 ya Sura An-Nahl inatoa mfano wa mwanamke anayeharibu uzi aliokwisha kuusokota, na makusudio yake ni wanaovunja viapo vyao. Kufumua safu iliyokosewa si aibu, ni uangalifu. Lakini mteja aliyetoa arubuni akitaraji shali kabla ya Idi, naye akazungushwa hadi siku ikapita, huyo amefumuliwa ahadi, na imani yake hairudi kwa kuongeza kitanzi.

Basi, kabla ya kupokea fedha, fumeni milia 10, mpime muda uliotumika na uzi uliokwisha. Kumbukeni kuwa kila mlia ni mpana kuliko uliotangulia, kwa hiyo milia ya mwisho hula muda na uzi mwingi zaidi. Ndipo mtaje siku mnayoweza kuitimiza, inshallah.