Taamuli ya Mwendo kwa Watu Wenye ADHD

Taamuli inavyofahamika na wengi ni mtu aliyekunja miguu, akafumba macho na kukaa kimya kwa nusu saa bila kujitikisa, na ni sura hiyo inayowafanya watu wengi wenye ADHD waamini kwamba jambo hilo haliwahusu, kwa kuwa linawadai tangu mwanzo kile ambacho ni kigumu kwao kuliko vyote. Imani hiyo inasikitisha, maana imejengwa juu ya kosa. Kukaa kimya ni namna moja tu ya taamuli; zipo nyingine, zenye umri mrefu na heshima ile ile, zinazofanywa kwa miguu, kwa mikono na kwa sauti, nazo mara nyingi huwafaa zaidi watu hawa.

ADHD ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua, nayo huanza utotoni na kujidhihirisha kwa umakini unaoyumba, kwa utukutu wa mwili na kwa pupa ya kutenda kabla ya kufikiri, dalili ambazo kwa mtu mmoja huweza kuwapo zote na kwa mwingine baadhi tu. Makadirio ya kimataifa huiweka kwenye takriban asilimia 5 ya watoto, na wengi wao hukua nayo hadi utu uzima. Huko ukubwani utukutu hubadilika sura: mtu harukiruki tena juu ya viti, ila ndani yake anajihisi kama gari lililoegeshwa huku injini ikinguruma.

Taamuli, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni zoezi la kuielekeza akili kwa makusudi kwenye jambo moja, kutambua kwamba imehama, na kuirudisha bila kujilaumu. Jambo hilo moja, liwe ni pumzi, hatua au sauti, huitwa nanga. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha kozi iliyoingiza zoezi hili hospitalini, na kutokana nayo zikazaliwa kozi nyingi za uzingativu, yaani hali ya kuwa na habari ya kinachotokea sasa hivi, mwilini na akilini, bila haraka ya kukihukumu. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba zoezi halipimwi kwa muda ambao akili imekaa mahali pamoja, bali kwa kule kurudi kwake. Anayepotea mara 40 katika dakika 5 na akarudi mara 40 amefanya zoezi lake barabara, hata kama mwenyewe anaona ameshindwa.

Hata hivyo, ili akili irudi, ni lazima nanga iwe na uzito wa kuivuta. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazochangamka mtu anapokuwa hana shughuli maalumu, ambazo kwa kawaida hupunguza kasi shughuli inapoanza. Mwaka 2007 Edmund Sonuga-Barke na Xavier Castellanos wakatoa dhana kwamba kwa watu wenye ADHD mtandao wa sehemu hizo haupunguzi kasi ipasavyo, hivyo mawazo ya pembeni huendelea kuingilia kazi iliyo mbele. Pumzi inayopita puani ni nyepesi mno kushindana na mawazo hayo. Unyayo unaokanyaga saruji ya baridi una nguvu zaidi.

Kuna sababu ya pili ya kuupendelea mwendo, nayo inamgusa kila mzazi na kila mwalimu. Mark Rapport na wenzake wa Chuo Kikuu cha Central Florida walionyesha kwamba watoto wenye ADHD hujitikisa zaidi pale kazi inapowadai kushika mambo kichwani na kuyapanga kwa wakati mmoja, uwezo ambao wanasaikolojia huuita kumbukumbu tendaji. Mwaka 2015 utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambamo watoto walifungwa kipima mwendo kwenye kifundo cha mguu, ulikuta kwamba wenye ADHD walijitikisa kwa nguvu zaidi katika majaribio waliyojibu sawasawa kuliko katika yale waliyokosea. Basi mtoto anayetikisa mguu chini ya dawati huenda ndipo anaposikiliza hasa, na amri ya "tulia!" inaweza kumnyang'anya fimbo anayojikongojea.

Jaribio la kwanza lililojulikana sana la kuifanya taamuli ikubaliane na hali hii lilifanywa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, chini ya daktari wa akili Lidia Zylowska, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Watu wazima 24 na vijana 8 waliandikishwa katika mafunzo ya wiki 8. Zoezi la nyumbani lilianza na dakika 5 kwa siku na kupanda taratibu hadi 15, na aliyeshindwa kukaa aliruhusiwa kutembea. Wengi wa waliomaliza walieleza kwamba dalili zao zimepungua, na wakafanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya umakini. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo haukuthibitisha kwamba mafunzo ndiyo yaliyoleta nafuu. Ila ulionyesha kwamba watu waliodhaniwa hawawezi, wanaweza, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Taamuli ya kutembea inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mtu huchagua mahali palipo tambarare penye urefu wa hatua 10 hivi, iwe ni uani, barazani au chini ya mwembe, na kuvua viatu panaporuhusu. Kisigino kinapoachana na ardhi husema moyoni "inua", mguu unapopita hewani "sogeza", unyayo unapotua "weka", kama walivyofundisha wafuasi wa Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Myanmar ambaye wanafunzi wake hupishanisha saa ya kukaa na saa ya kutembea. Maneno hayo matatu huipa ile sauti ya ndani isiyonyamaza kazi ya kufanya. Uzito unapohama kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, mtembeaji huhisi goti la pili likilegea, chembe za mchanga zikibonyea, ubaridi wa sehemu iliyokuwa kivulini. Mwisho wa njia husimama, akahisi nyayo zote mbili, kisha akageuka. Mgeuko huo ndio mahali pa kuangaliwa zaidi, kwa sababu akili hupenda kutorokea hapo. Na mwendo wa kunyata, ambao walimu wengi huuanzia, kwa mwenye ADHD unaweza kuwa mateso. Ni afadhali aanze kwa mwendo wake wa kawaida, akihesabu "kulia, kushoto", na kuupunguza kadiri mwili unavyokubali.

Mikono nayo ina taamuli yake. Kupeta mchele, kusuka ukili au kuosha vyombo huku akili ikifuata joto la maji na utelezi wa sabuni ni zoezi kamili, mradi litengewe muda na redio izimwe. Tai chi ya Wachina huunganisha pumzi na miondoko inayopaswa kukumbukwa kwa mfuatano, hivyo huishughulisha akili inayochoshwa upesi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, watu wamezoea muda mrefu kuona utulivu ukitafutwa kwa mwendo: katika Maulidi ya Homu ya Zanzibar wanaume hupiga magoti kwa safu na kuyumba kwa pamoja kufuata dufu na kaswida. Hiyo ni ibada na si tiba, na haifai kugeuzwa dawa. Lakini inashuhudia kwamba utulivu wa moyo na utulivu wa viungo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu nguvu ya ushahidi, uaminifu unahitajika. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019, uliogawa watu wazima 120 kwa bahati nasibu, ulikuta kwamba waliopewa kozi ya uzingativu juu ya matibabu yao ya kawaida walipungukiwa dalili kuliko waliopata matibabu hayo tu, na nafuu hiyo ilidumu miezi sita baadaye. Taamuli iliongezwa juu ya matibabu, haikuchukua nafasi yake, na anayetumia dawa asiziache kabla ya kuzungumza na daktari wake. Aidha, aliyepitia msiba au ukatili mzito anaweza kuzidiwa na hofu anapofumba macho. Huyo atembee macho wazi, na ikibidi awe na mshauri.

Kikwazo kinachobaki ni kusahau, ambako nako ni sehemu ya ADHD, na mtu asikuone kuwa uvivu. Kuweka nia tu hakutoshi. Zoezi linashika linapofungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kwa mfano zile dakika tano kati ya kituo cha daladala na mlango wa kazini, ambapo mtu huweka simu mfukoni, akasikia kisigino cha kulia kikigusa lami, kisha cha kushoto.