Kisu kipi? 'The' ya Kiingereza kinywani mwa mkalimani

Maswali haya mawili ya Kiingereza yametofautiana kwa neno moja tu: 'Did you see a knife?' na 'Did you see the knife?' La kwanza linataka kujua kama shahidi aliona kisu chochote. La pili limekwisha kuamua kwamba kisu kilikuwapo. Kilichobaki ni kujua kama shahidi alikitia machoni. Sasa mkalimani aliyesimama kati ya wakili na mama asiyejua Kiingereza akiyatafsiri yote mawili kwa 'Uliona kisu?', je, amelitafsiri swali lililoulizwa?

Hili si suala la walimu wa sarufi pekee. Mwaka 1975, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na Guido Zanni, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walionyeshwa filamu fupi ya ajali ya magari. Baadaye waliulizwa kuhusu vitu kama vile taa ya gari iliyovunjika, baadhi kwa 'a' na wengine kwa 'the'. Walioulizwa kwa 'the' walielekea zaidi kujibu 'ndiyo', hata kuhusu vitu ambavyo havikuwamo kabisa kwenye filamu. Isitoshe, hawakuwa wepesi wa kusema 'sijui' kama wenzao.

Shuleni tulikaririshwa ati 'a' hutumika kitu kinapotajwa mara ya kwanza, na 'the' kinapotajwa tena. Kanuni hiyo inasaidia, ila ni nusu ya habari. Mwingereza husema 'the sun' bila jua kutajwa kabla. Atakuambia 'close the door' hata kama hamjauzungumzia mlango, mradi chumba kina mlango mmoja. Kiini cha 'the' ni kwamba msemaji anachukulia kuwa msikilizaji anaweza kukitambua kinachosemwa, ama kwa sababu kimetajwa, ama kipo kimoja tu, ama wote wawili wanakiona. Ndipo hatari yake mahakamani inapotokea: shahidi anavutwa kwenye makubaliano ambayo hakuyafanya.

Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hii. Kama ni neno la kusimama peke yake, kweli hatuna. Hata ile 'al' ya Kiarabu tuliimeza pamoja na nomino zake tukapata Alhamisi, alfajiri na alasiri, na hakuna anayeisikia tena. Lakini maana yenyewe tunayo, tumeitawanya tu. Msimulizi huanza kwa 'paliondokea mzee mmoja', kisha sentensi ya pili ikawa 'yule mzee'. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliitambua kazi hiyo ya kiashiria kinachotangulia nomino. Mpangilio wa maneno nao hufanya kazi. 'Amekuja mgeni' hutangaza mtu ambaye hatukuwa naye mawazoni, ilhali 'mgeni amekuja' aghalabu ni yule tuliyekuwa tukimngoja.

Chombo chetu kikali zaidi, hata hivyo, ni kiambishi cha mtendwa. Linganisha 'nimenunua gazeti' na 'nimelinunua gazeti'. Hiyo 'li' ya pili inamwambia msikilizaji kwamba gazeti analijua. Basi swali la wakili lenye 'the' lingekuwa 'Ulikiona kisu?' au, kwa uwazi zaidi, 'Ulikiona kile kisu?' Mkalimani anayeidondosha 'ki' amelainisha swali. Anayeichomeka pasipostahili amelitia sumu swali ambalo halikuwa nayo.

Hapo hebu tusiharakishe, kwa maana kwa watu hesabu hubadilika. Nomino za watu huhitaji kiambishi karibu kila mara, zijulikane zisijulikane. 'Ulimwona mwanamume?' yaweza kubeba 'a' na vilevile 'the'. Mkalimani mwangalifu atasema 'Ulimwona mwanamume yeyote?' kwa la kwanza, na 'Ulimwona huyo mwanamume?' kwa la pili. Mazoea ya kutafsiri neno kwa neno hayatamfikisha huko.

Safari ya kurudi ni ngumu zaidi, nayo haizungumziwi vya kutosha. Shahidi akisema, 'Alichukua panga akaingia nyumba', hajasema kama ni panga lililotajwa au jingine, wala nyumba ya nani. Kiswahili kimemruhusu kuyaacha hayo wazi. Kiingereza hakiruhusu. Mkalimani atalazimika kuchagua 'a panga' au 'the panga', tena papo hapo, na lile alilolichagua ndilo litakaloandikwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama zilizo chini yake ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo, kesi ikikatiwa rufaa, jaji hupima maneno ambayo pengine hayakutoka kinywani mwa shahidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haisemi lolote kuhusu viambishi, na wala hatukutarajia iseme. Lakini mimi naona mafunzo ya ukalimani yanayompa mtu orodha ya istilahi za kisheria bila kumfundisha kazi ya 'ki', 'li' na 'yule' yamemwacha njia panda. Na pale shahidi alipoacha jambo wazi, mkalimani asikisie. Aombe ruhusa ya hakimu, kisha aulize: 'Panga lipi?'