Lubero: mlima unaolisha machimbo

Chukua kadi yako ya mpiga kura, ile unayoonyesha kwenye kila barière. Tazama pale palipoandikwa asili yako. Kwa wengi wanaofanya kazi Manguredjipa, Lutunguru na kwenye machimbo mengine ya msitu wa magharibi, jina lililoandikwa ni moja: Lubero. Tunalibeba mfukoni kila siku, tunalisema kwa askari, tunaliandikisha kwenye vitabu vya kooperative. Lakini tukiulizwa Lubero ni nini hasa, wengi wetu tunajibu tu: « Ni kwetu, kule juu kwenye baridi. »

Jibu hilo si baya. Lakini halitoshi, na leo tutaona kwa nini.

Jina moja, vitu viwili

Kwanza kuna Lubero-centre, mji mdogo wenye ofisi ya administrateur, hospitali, gereza, soko na misheni ya Mulo pembeni yake. Uko kilometa karibu 45 kusini ya Butembo, juu ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma. Mwaka 2013 dekri ya Waziri Mkuu ilipandisha centre kubwa kadhaa za Kivu Kaskazini kuwa miji na komini. Lubero iko kati yake: ni komini ya mashamba, yaani komini inayoongozwa na bourgmestre lakini watu wake wengi wanaishi kwa jembe.

Pili kuna teritwari ya Lubero, ambayo ni nchi nzima kwa ukubwa: kilometa mraba zaidi ya 18,000. Kumbuka Rwanda yote ina 26,338. Ndani ya teritwari hiyo mna usultani wa Baswagha, wa Bamate na wa Batangi kule milimani, na sekta ya Bapere upande wa msitu. Manguredjipa iko Bapere, kilometa karibu mia moja magharibi ya Butembo. Kwa hiyo mchimbaji wa Manguredjipa na mama anayelima puaro karibu na Lubero-centre wana administrateur mmoja, ijapokuwa mmoja analala akitoka jasho na mwingine analala na blanketi mbili.

Mgongo wa nchi

Ukitaka kuelewa Lubero, anza na barabara. Ukitoka Butembo kwenda kusini, gari linapanda, linashuka kidogo, linapanda tena. Njiani unakata mstari wa ikweta bila kusikia kitu. Butembo iko kaskazini yake, Lubero-centre iko kusini yake, kilometa zisizofika 20. Mgeni anafikiri ikweta ni joto. Sisi tunajua kwamba mita karibu 2,000 juu, asubuhi mtoto anakwenda masomo amevaa koti.

Barabara hiyo inafuata mgongo wa milima. Upande wa mashariki nchi inakatika, inashuka mpaka kwenye bonde kubwa la Ziwa Edward, kule Kamandi ambako samaki inatoka. Mvua inayonyesha upande huo inaingia ziwani, inatoka kwa mto Semliki, inafika Ziwa Albert, inakuwa Nile, na mwisho inapita Misri. Upande wa magharibi nchi inashuka polepole, kilima kwa kilima, mpaka msituni. Mvua ya upande huo inaingia mito inayokwenda Lindi, Lindi inakwenda mto Kongo, na Kongo inakwenda Banana kwenye bahari. Mvua moja, wingu moja, lakini maji yanaachana juu ya mgongo na hayaonani tena.

Watu nao wanagawanyika hivyo hivyo. Juu kuna ardhi nzuri, baridi na malaria kidogo, na kwa sababu hiyo watu walijaa tangu zamani. Baba akigawa shamba kwa watoto watano, na hao watano wakigawa tena, mwisho mtu anabaki na kipande ambacho mbuzi mmoja anaweza kukimaliza kwa siku. Ndiyo maana Wanande wengi walishuka magharibi kutafuta udongo, kule ambako Wapere na Wambuti walikuwa wametangulia. Wengine walitafuta shamba, wengine walitafuta dhahabu. Wengi walitafuta vyote viwili.

Hapa neno moja kwa familia: mtu aliyekulia Lubero-centre au Masereka mwili wake haujazoea malaria. Akishuka msituni, inamkamata kwa nguvu kuliko mwenyeji. Mama anayemfuata bwana wake na mtoto mchanga, kitu cha kwanza cha kufunga kwenye mzigo ni chandarua, mbele ya sufuria.

Wakati wa MGL

Kampuni ya Wabeleji iitwayo Minière des Grands Lacs, ile ambayo wazee wetu wanaita MGL tu, ilianzishwa mwaka 1923. Ilitafuta dhahabu na kasiterite katika Kivu yote. Butembo yenyewe ilikua kutokana na kampuni hiyo: kabla ya kuwa mji wa wafanyabiashara, ilikuwa centre ya machimbo. Kutoka pale kazi iliingia msituni, kwenye kampi za Manguredjipa na Lutunguru.

Sasa fikiria kampi yenye mamia ya wanaume katikati ya msitu. Wanachimba kutwa, hawalimi. Watakula nini? Kampuni iliwapa posho, na posho ilipaswa kutoka mahali fulani. Mahali hapo ni mlimani. Maharagi, unga, viazi na mboga vilishuka kutoka vilima vya Lubero kwa kichwa na mgongo wa watu, baadaye kwa gari. Mara nyingi haikuwa kwa kupenda: utawala ulipanga kila familia ilime nini, na barabara zilifunguliwa kwa kazi ya lazima. Wakati huo huo, wazungu wengine walichukua ardhi nzuri ya juu kwa mashamba yao ya ngano, pareto na kahawa, pamoja na malisho ya ngombe.

Ofisi ya Lubero ilikaa katikati ya mambo hayo yote. Hapo watu waliandikwa, kodi ililipwa, wasiolipa walifungwa. Mji wenyewe haukuwa na shimo la dhahabu, lakini ulihesabu mikono na magunia. Ndiyo maana tunasema mlima ndio ulilisha machimbo. Dhahabu iliondoka kwenda Ulaya na jina la kampuni juu yake. Gunia la maharagi lililomlisha mchimbaji halikuandikwa jina la mtu.

Kutoka kampuni mpaka sululu ya kila mtu

Mwaka 1976 MGL na kampuni zingine za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Wazee waliofanya kazi huko wanaikumbuka kwa mishahara, kwa shule na hospitali za kampi. Kisha mambo mawili yakafuatana. Tarehe 5 Novemba 1982 sheria mpya ya Zaire iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi. Kitu ambacho jana kiliitwa wizi, leo kikawa kazi. Na Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na bati ndiyo inayotoka katika kasiterite. SOMINKI ilianza kukonda, ikafa katika miaka ya 1990.

Kampuni ilipoondoka, mashimo yalibaki. Watu walirudi na sululu, beshi na karai. Tangu wakati huo uchimbaji wetu ni wa mkono, na chakula kinashuka bado kutoka juu, siku hizi kwa moto na Fuso. Mchimbaji yeyote anajua hesabu hii: barabara ya Butembo ikikatika wiki moja, bei ya unga chimboni inapanda mbele ya bei ya kitu kingine chochote. Gramu haibadiliki, lakini inanunua sahani chache.

Vita inafuata njia ile ile

Mgongo unaopitisha chakula unapitisha pia majeshi. Juni 2003, mwisho wa vita kubwa, RCD-Goma ilipanda kutoka kusini ikaingia Lubero, kisha ikarudi nyuma baada ya mapatano. Miaka 21 baadaye, njia ilikuwa ile ile: mwisho wa Juni 2024 M23 ilichukua Kanyabayonga, ikafuata Kirumba, na Desemba vita ikafika Alimbongo. Watu wa kusini walipanda na magodoro kichwani mpaka Lubero-centre na Butembo. Mji mdogo ukajaa. Mashamba ya kule walikotoka yakabaki na maharagi bila mvunaji.

Upande wa msitu nako hakuna pa kukimbilia. ADF wameua watu katika Bapere tangu waliposogea huko kutoka upande wa Beni. Septemba 2025, Ntoyo, karibu na Manguredjipa, waliwavamia watu waliokuwa kwenye matanga. Makumi walikufa usiku mmoja. Kwa hiyo familia ya Lubero leo iko katikati: kusini kuna mstari wa vita, magharibi kuna msitu wenye panga. Na bado wanaume wanashuka kwenye mashimo, kwa sababu masomo ya watoto hayangoji amani.

Nani anakula kodi yako?

Tulisema mwanzoni kwamba kusema « ni kwetu » haitoshi. Hii ndiyo sababu. Kwa Katiba ya 2006, vyombo vyenye mfuko wao na haki yao mbele ya sheria ni mji, komini, sekta na usultani. Teritwari haimo. Administrateur wa Lubero ni mtu wa serikali, na ofisi yake haina mfuko wa maendeleo kama ule wa komini au sekta. Watu wengi wanakwenda kulia kwake juu ya daraja lililoanguka, kumbe mlango wa kwanza ni mwingine.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema hivi: kampuni yenye kibali ikilipa ile redevance minière, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au usultani ambako madini yanatoka. Maana yake mpaka kati ya sekta na usultani si jambo la wazee tu wenye kubishana juu ya mito na miti ya zamani. Siku kampuni kubwa itakapofungua kazi, jiwe moja la mpaka litaamua shule itajengwa upande gani.

Kwa sisi wa mkono, sheria hiyo hiyo inataka mchimbaji awe Mkongomani mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, awe na kadi ya mchimbaji na awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Kila anayekuomba franka, muulize mambo mawili: ni za mfuko gani, na kitansi kiko wapi? Asiye na kitansi hakusanyi kodi.

Shamba na shimo

Kuna kitu kingine ambacho familia zinapaswa kujua. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali, na kilicho chini ya udongo ni cha serikali pia, lakini ni vitu viwili vilivyotengana. Ukiwa na shamba la baba yako, dhahabu iliyo chini yake si yako kwa sababu hiyo tu. Lakini mwenye kibali cha madini akiingia kwenye shamba lako, sheria inamlazimisha akulipe fidia. Ili ulipwe, sharti ionekane kwamba shamba ni lako. Ardhi nyingi ya Lubero imekaa kwa desturi, kwa neno la mwami na ushuhuda wa majirani. Jirani anakufa, mwingine anakimbia vita, na neno linabaki bila mtu wa kulisema.

Ndugu mchimbaji, wakati ungali na nguvu, panda siku moja mpaka nyumbani. Tembea na baba au baba mdogo kwenye mipaka ya shamba. Andika majina ya majirani wa pande nne, waweke sahihi, chifu wa kijiji aweke muhuri. Acha nakala moja kwa mama watoto. Haitakuwa titre ya ardhi, lakini siku ya ugomvi ni afadhali kuliko mikono mitupu.

MGL ilipita, SOMINKI ilipita, mashimo mengi tuliyosifu tukiwa vijana leo yana maji tu. Kilima cha Lubero bado kinatoa viazi kila msimu kwa yule aliyebaki nacho. Na gunia linaloshuka kesho kwenda Manguredjipa, kuna mama amelichimba kwenye baridi. Ukilifungua, mtumie neno. Akiuza vizuri na wewe ukala vizuri, Lubero imeishi siku moja zaidi.