Dungusi ya Krismasi: Kuitambua na Kuitunza Nyumbani

Leo nitawaeleza habari za mmea wa kupamba baraza, ambao wengi wanao lakini wachache wanaujua. Ni ile dungusi ya maua iitwayo Dungusi ya Krismasi. Haina majani, ina pingili bapa za kijani, zilizoungana moja kwa moja kama mnyororo, nazo huinama na kuning'inia pande zote za chungu. Ikichanua, hutoa maua mekundu, meupe au ya rangi ya waridi kwenye ncha za pingili, na nyumba nzima ikapendeza. Lakini mara nyingi hukaa miaka mitatu au minne bila ua hata moja, mpaka mwenyewe huchoka akaitupa jaani, akisema ni tasa. Mmea huo haukuwa tasa. Ulikuwa ukingojea mambo mawili matatu, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza yatupasa kujua dungusi ni nini, kwa maana wengi hudhani kila mmea mnene usio na majani ni dungusi. Sivyo. Utazameni mnyaa unaopandwa kuzunguka boma, au ule mti wa porini wenye matawi yaliyoinuka kama kinara cha mishumaa. Hiyo ni jamii nyingine kabisa. Ukiikata, hutoka utomvu mweupe kama maziwa, nao ni mkali sana. Ukiingia jichoni huunguza, hata waweza kumharibia mtu macho. Mtoto akipatwa na jambo hilo, mwosheni jicho mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa, kisha mpelekeni hospitali bila kukawia.

Dungusi ya kweli ina alama yake ya hakika. Juu ya ngozi yake pana vidoa vidogo, mara nyingi vyenye manyoya kama pamba, na kila mwiba na kila ua hutoka katika vidoa hivyo. Tazameni mpungate mtaviona waziwazi. Katika Dungusi ya Krismasi vidoa hivyo vimejificha penye ncha na kando za pingili, navyo havina miiba ya kuchoma. Tena mmea huu hauna utomvu wa sumu, basi hakuna hatari kuuweka penye watoto.

Karibu dungusi zote za ulimwengu asili yao ni Amerika, na mpungate tunaouona katika nchi zetu uliletwa kutoka huko. Ipo aina moja tu iliyo ya asili Afrika pia. Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Huning'inia kama nyuzi za kijani kutoka matawi ya miti katika misitu yenye mvua. Aina hiyo yatufundisha jambo kubwa, ya kwamba si kila dungusi ni mtoto wa jangwa.

Ndivyo ilivyo Dungusi ya Krismasi. Kwao ni milima iliyo karibu na pwani ya Brazili, upande wa Rio de Janeiro. Huko hukaa juu ya matawi ya miti na katika nyufa za miamba, penye ukungu na kivuli. Hainyonyi mti, hukaa kama mgeni, ikipata chakula chake katika majani yaliyooza yaliyokusanyika penye panda za matawi. Basi mtu akiiweka juani na kuinyima maji kwa kuwa ni dungusi, aitesa bure.

Aina zake zinazofugwa sana nyumbani ni tatu. Ya kwanza ina meno makali kando ya pingili, na unga wa maua yake ni wa manjano. Ya pili ina kando za mviringo, maua yake huinama chini, na unga wake una rangi ya waridi. Hii ya pili haikuota porini. Ilipatikana Uingereza katika karne ya 19, William Buckley alipochanganya aina mbili za Brazili, na kwa sababu hiyo huitwa Schlumbergera buckleyi. Ya tatu, iitwayo Dungusi ya Pasaka, ina maua yaliyo wazi kama nyota, na nywele fupi penye ncha za pingili.

Sasa tuje katika utunzaji. Chungu au kopo lolote lafaa, maadamu lina matundu chini. Lisiwe kubwa mno, kwa sababu mizizi yake ni michache. Changanyeni mafungu mawili ya udongo wa majani yaliyooza na fungu moja la mchanga wa mtoni, mtie na vipande vidogo vya mkaa, ili maji yapite upesi. Iwekeni barazani au karibu na dirisha, penye mwanga mwingi lakini pasipo jua kali la mchana. Mkiona pingili zinageuka rangi ya zambarau, jueni jua limezidi. Kabla ya kutia maji, chomekeni kidole katika udongo. Ukiwa mkavu juu, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha mwageni yaliyobaki katika kisahani. Mizizi ikilala katika maji huoza, na dungusi nyingi hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Wakitokea wadudu weupe kama pamba, wafuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Na maua je? Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza ya kwamba mimea mingi huchanua kwa kufuata urefu wa usiku na mchana. Dungusi hii ni mmojawapo: hufanya matumba yake usiku unapokuwa mrefu. Ulaya usiku hurefuka kuelekea Desemba, ndiyo maana ikaitwa ya Krismasi. Kwao Brazili usiku hurefuka kuelekea Juni, nao huiita Ua la Mei. Sisi tulio karibu na Ikweta, usiku na mchana wetu hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Tena twawasha taa sebuleni mpaka saa nne za usiku, na mmea uliomo humo hudhani bado ni mchana.

Dawa yake ni rahisi. Wakati wa baridi ufikapo, wekeni chungu katika chumba kisichowashwa taa, au kifunikeni kwa kikapu na nguo nzito tangu saa kumi na mbili jioni hata saa mbili asubuhi, kila siku, kwa muda wa majuma sita au zaidi. Katika nchi za milimani ubaridi wa usiku utawasaidia sana. Penye joto la pwani kazi ni ngumu zaidi, basi tafuteni mahali pa baridi kuliko pote. Matumba yakisha kuonekana, fungueni, wala msikihamishe chungu huku na huko, maana matumba huanguka kwa kusumbuliwa au kwa kiu.

Maua yakisha kupukutika, punguzeni maji kidogo, mmea upumzike. Mkitaka mimea mipya, zungusheni pingili mbili au tatu zilizoungana mpaka zikatike, ziacheni kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha zichomekeni katika udongo wenye mchanga. Baada ya majuma machache zitashika mizizi. Dungusi hii ikitunzwa huishi miaka mingi, hata mama humwachia binti yake. Basi, kabla ya kuutupa mmea wako jaani, upe kwanza giza lake.